Siku Niliyopanda Jukwaani na Birika la Kahawa

Yule mwanamke mnayemwona kwenye video, aliyevaa aproni ya kijani na malapa ya jikoni, anayepanda jukwaani mbele ya mgeni rasmi huku mkono wa kushoto ameshika birika la kahawa, ni mimi. Naona bora niseme mwenyewe, maana kuna watu wananitetea kwenye makundi ya simu eti si yeye, wamefanana tu. Jamani, asanteni, lakini ni mimi, Wakio, mzaliwa wa Wundanyi, mtu mzima na akili zangu, na siku ile nilikuwa nimealikwa kupewa tuzo. Aibu yake nimeila yote peke yangu, na ajabu ni kwamba nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu kifua kinanijaa fahari.

Tuzo yenyewe ni ya mkoa, huku Saudia ninakofanya kazi. Kila mwaka wanachagua wakazi waliofanya jambo la kufaa watu bila kulipwa, wenyeji na wageni, wanawakalisha mbele, wanawaita mmoja mmoja, wanawapa nishani na cheti kilichotiwa fremu. Mwaka ule walikuwa daktari mmoja mstaafu, mwalimu wa watoto viziwi, mzee aliyepanda miti mtaa mzima, na mimi, msaidizi wa nyumbani (ndiyo, mimi, someni tena).

Nililofanya mimi ni kutafsiri tu. Ijumaa moja nilikwenda hospitali hapa Jeddah kumjulia hali mwenzetu aliyelazwa, na kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kilifi ambaye upasuaji wake ulikuwa umeahirishwa mara mbili, kwa sababu kila asubuhi walimkuta ameshakula. Madaktari walimwona mkaidi. Nilipomuuliza akaniambia, "Mwanangu, hakuna aliyenambia nisile. Mimi naletewa chakula cha usiku, nakiweka akiba, asubuhi nakila nipate nguvu za kupasuliwa." Basi nikamwambia asile, nikawaambia wauguzi kwamba hajui Kiarabu, kesho yake akapasuliwa na wiki iliyofuata akatoka. Muuguzi akachukua namba yangu. Tangu hapo, miaka minne, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana napita wodi hadi wodi nikiwasemea Waswahili wenzangu. Sikujua kama kuna mtu anaandika jina langu mahali.

Madam wangu ndiye aliyeniruhusu zile Ijumaa. Ni mwalimu, na nimekaa naye tangu wakiishi Al-Suwaidi kule Riyadh, kabla hawajahamia Jeddah na kunibeba pamoja na masufuria. Barua ya tuzo ilipofika aliisoma mara mbili, akaketi chini sakafuni akalia, kisha akaniambia, "Wakio, utavaa abaya yangu ya buluu." Hiyo abaya ilidariziwa kwa mkono na aliivaa kwenye harusi ya dada yake, na hata kuipiga pasi haniachii.

Lakini mtu niliyemfikiria mimi kwanza ni mama yangu. Mama alikuwa yaya Mombasa ujanani, miaka saba katika nyumba moja, na anasema katika miaka hiyo yote hakuwahi kukalia kiti hata kimoja cha nyumba ile. Alikatazwa siku ya kwanza na hakuhitaji kuambiwa tena. Kwa hiyo nilipokuja huku hakuniuliza mshahara wala joto. Kila nikipiga simu, miaka yote hii, lazima afike hapo: "Wakio, unakaa?" Nikimwambia nakaa, mama, nina kiti changu jikoni na sebuleni nakaa nikitaka, anabadilisha habari, na najua hajaamini. Basi nikampigia nikamwambia, "Mama, safari hii utaniona kwa macho yako. Sherehe inaonyeshwa moja kwa moja. Nitakaa kiti cha mbele chenye jina langu, na wengine ndio wataniletea kahawa." Akauliza, "Kiti chenye jina?" Nikasema ndiyo. Akasema atawaita akina mama wa kanisa wote waje waone. Siku yenyewe kaka yangu akaunganisha simu na televisheni, wakachinja kuku wawili, na kabla hata jua halijageuka nyumba ilikuwa imejaa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia, maana lilianza padogo kabisa. Waliniletea beji yenye jina langu na neno la kuonyesha mimi ni mtunukiwa, ya kudunga kifuani kwa pini. Nikaishika ile beji, nikaitazama abaya ya madam, nikaona lile tundu ambalo pini ingeacha kwenye darizi, na moyo ukakataa. Nikasema jina langu nalijua, sihitaji kujisoma. Nikaitia kwenye mkoba wangu mwekundu pamoja na ikama, kitambulisho changu cha ukaazi, na mkoba nikampa Nekesa anishikie, kwa sababu mtu wa kupewa tuzo hapandi na mkoba.

Nekesa ni rafiki yangu wa Bungoma, bado anafanya kazi Al-Suwaidi, ndiye aliyenifundisha Kiarabu cha jikoni tulipokuwa majirani Riyadh. Alipanda basi mchana kutwa kuja Jeddah, akafika kiuno kimekufa ganzi, akalala kwa wenzetu mtaa wa Bani Malik, na kwenye begi lake alibeba shada la nailoni linalometameta, lile ambalo kwetu mtu akihitimu hata kozi ya wiki mbili lazima avishwe shingoni. Nikamwambia Nekesa, hawa watu hawavai hivyo. Akaniambia, "Wee, mtu wangu apewe tuzo shingo tupu kama kuku? Haiwezekani."

Tulifika mapema. Madam na Nekesa wakaelekezwa upande wa wageni, mimi nikaambiwa watunukiwa wana mlango wao. Mlangoni palikuwa na binti mpole sana, akanitazama kifuani, hakuona beji, akanitazama usoni, akatabasamu, akanionyesha mlango mwingine wa pembeni. Nikamshukuru. Nilidhani ndiyo njia ya mkato ya kwenda mbele. Nikapita ujia mrefu, nikasukuma mlango, nikajikuta kwenye jiko la ukumbi, mabirika ya kahawa yamepangwa mezani, wanawake wanane wa aproni za kijani wanakimbizana, na mama mmoja msimamizi amesimama katikati kama askari wa barabarani. Akaniona. "Umechelewa!" akasema kwa Kiarabu. "Wenzako wawili hawakuja kabisa. Yalla, yalla!" Na aproni ikatua mikononi mwangu.

Hapa kila ninayemsimulia huniuliza, kwa nini hukusema? Kinywa unacho, Kiarabu unakijua, si ungesema mimi ni mgeni? Ningesema nini, ndugu zangu. Mimi nikisikia yalla, miguu yangu hunyanyuka kabla kichwa hakijaulizwa. Na nitawaambia ukweli mwingine ambao unaniaibisha zaidi: nilipofungua mdomo kusema, macho yangu yaliangukia msichana mmoja mgeni wa kazi, ameshika birika kwa mkono wa kulia, anamimina kikombe mpaka juu kabisa. Nikasisimka mwili mzima. Kahawa ya hawa watu birika hushikwa kushoto, kikombe hutolewa kwa mkono wa kulia, unaanza kwa aliye mkubwa, na humimini zaidi ya tone la kufunika kitako, kwa sababu kikombe kikijaa ni kama umemwambia mgeni anywe aondoke. Mama yake madam alinifundisha hayo Riyadh kwa miezi, akinichapa vidole. Na sasa wageni waliokuja kwenye tuzo yangu mimi wanaambiwa waondoke! Nikavaa aproni juu ya abaya (angalau isichafuke, nikajiambia), nikamwambia yule msichana, "Nipe, nikuonyeshe." Dakika tano tu. Mtihani wa maisha yangu umekuwa hizo dakika tano tu.

Nikatoka na kahawa upande wa wanawake, na msinicheke, nilimimina vizuri. Sijawahi kumimina vile. Wageni walikuwa wananipokea bila kukatisha mazungumzo, wakimaliza wanatikisa kikombe kidogo kuonyesha imetosha, nami nasonga. Safu ya tatu nikamfikia madam wangu. Madam mwenyewe! Alikuwa amegeuka anazungumza na jirani yake, akanyoosha mkono, nikamwekea kikombe, akanywa, akatikisa, akanirudishia, nami nikaendelea na mtu wa pili. Wala yeye wala mimi hatukuona ajabu yoyote. Tumefanya hivyo miaka mingi sana. (Kiti cha Nekesa kilikuwa kitupu, alikuwa amekwenda msalani kujipaka poda, la sivyo mkasa ungeishia hapo.)

Njiani nilikiona na kiti changu. Safu ya mbele, kitambaa cheupe, karatasi yenye jina langu. Nikakitazama, nikasema nakuja, nikarudi jikoni kujaza birika.

Ndipo msimamizi akapiga makofi kwamba mgeni rasmi amefika, wahudumu wote ndani, mlango ufungwe, hakuna kutoka mpaka hotuba ziishe. Mlango ukafungwa. Mlinzi akasimama upande wa pili. Nikajituliza kwa hesabu za kwetu: mgeni rasmi akishika kipaza sauti Wundanyi, kabla hajamaliza kuwatambua waheshimiwa waliopo una muda wa kuchemsha maharagwe na yakaiva. Hotuba zitakuwa tatu. Nina saa nzima. Viatu vyangu, nilivyonunua madukani Sharafiya kwa sababu ya urefu wa kisigino na si kwa sababu ya mguu wangu, vilikuwa vimenitoa machozi tangu asubuhi. Nikavivua, nikavaa malapa yaliyokuwa karibu na sinki, na kwa kuwa mikono ilikuwa imekaa bure nikaanza kuosha vikombe.

Kumbe huku hotuba ni dakika nne! Ukutani jikoni palikuwa na skrini inayoonyesha ukumbi, na nilipoinua kichwa nimemaliza trei ya pili nikaona daktari mstaafu anashuka jukwaani na nishani yake. Nikajifuta mikono. Nikashika birika kulijaza, mtu na mazoea yake. Mwalimu wa viziwi akapanda, akashuka. Mzee wa miti akapanda, akapigwa picha, akashuka. Mfawidhi wa sherehe akageuza karatasi, akaanza kusoma habari za Ijumaa, hospitali, wagonjwa wasiojua lugha, miaka minne, kisha akasoma majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, na ukumbi ukapiga makofi, na kamera ikageuka kwenye kiti cha mbele, kitambaa cheupe, hakuna mtu.

Nikakimbia. Nikafungua mlango wa jikoni nikamkuta mlinzi kwenye ujia, mbele ya mlango wa ukumbini, kijana wa Kikenya mrefu, ananitazama kwa huruma.

"Sista, rudi. Mhudumu hapiti saa hii."

"Mimi ndiye wanamwita!"

"Wanaita mshindi, sista."

"Ndiyo mimi! Mimi Wakio!"

"Na mimi ni mfalme," akasema, bila ubaya. "Leta ikama."

Ikama iko kwenye mkoba, mkoba uko kwa Nekesa. Nikamweleza hivyo. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye malapa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa kama ni wewe unapewa tuzo, mbona umevaa aproni?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo maishani mwangu. Kwa mbali nikasikia jina langu mara ya pili, halafu ya tatu. Nikamfikiria mama, amekaa mbele ya ile televisheni na akina mama wa kanisa, wote wanatazama kiti kitupu. Machozi yakaanza kunitoka. Mfawidhi akasema inaelekea ndugu yetu hakuweza kufika, na nikajua yataishia hapo.

Hayakuishia, maana mlikuwa mmemsahau Nekesa. Kwetu cheti hakirudi ofisini kwa sababu mwenyewe hayupo. Hata kwenye harusi mtu husimama akasema nimetumwa kumwakilisha mjomba. Nekesa, ambaye hotuba zote zilimpita akijipaka poda, aliporudi kutoka msalani akasikia jina langu halina mtu, hakuuliza. Alilivaa lile shada la kumetameta shingoni mwake, akapita katikati ya safu na mkoba wangu mwekundu begani, akapanda jukwaani, na alipofika juu akapiga vigelegele. Vigelegele vya Bungoma. Sisi kwenye ujia tulivisikia mara mbili, mara ya kwanza vyenyewe na mara ya pili kwenye skrini ya jikoni nyuma yangu, mlango ukiwa wazi.

Mlinzi akageuka. "Huyo ni nani tena?"

"Huyo ndiye Nekesa! Ona mkoba mwekundu! Ndani mna beji yangu na ikama yangu, na miwani ya madam, na biskuti!"

Sijui ni biskuti au ni nini, lakini kitu kilimwingia. Akatazama skrini, akanitazama, akapumua. "Pita. Lakini ukinidanganya, sista, aki mimi na wewe tutapanda ndege moja kurudi nyumbani." Akafungua mlango.

Nikaingia ukumbini. Nilikuwa nimeshasonga hatua kama kumi ndipo nikagundua nina birika mkononi, na mkono wa kulia una vikombe vitatu, na mahali pa kuviweka hapakuwepo, kulia watu, kushoto watu. Malapa yale yalikuwa yanapiga kelele kwenye sakafu ya marumaru, kwata, kwata, kwata, na kadiri yalivyopiga ndivyo ukumbi ulivyonyamaza. Mgeni rasmi alikuwa ameshamkabidhi Nekesa tuzo. Mpiga picha alikuwa amepiga magoti. Nekesa akaniona, akasahau yuko wapi, akaita kwa sauti ya sokoni, "Wakio! Ulikuwa wapi wewe? Nusura niwe wewe!"

Nikapanda. Sina maelezo mengine, nilipanda. Sasa tuko wanne juu, mfawidhi anatazama karatasi, mgeni rasmi, mzee wa ndevu za mvi, ananitazama mimi na aproni yangu. Mfawidhi akauliza, Wakio ni yupi? Nekesa akaninyooshea kidole kwa nguvu, akasema kwa Kiarabu chake cha Al-Suwaidi kwamba yeye ni rafiki tu, halas, yaani basi, mwenyewe kaja. Mfawidhi hakuonekana kuamini, na ndipo safu ya tatu mtu akasimama. Madam wangu, ambaye kwenye mikutano ya shule huzungumza akitazama chini, akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Ni huyo! Mwenye birika ndiye Wakio! Na mimi nimekunywa kahawa yake sasa hivi, na sikumtazama usoni!" Akaketi, akajifunika uso.

Nikabaki nimesimama mbele ya mgeni rasmi. Mtu mwingine angeinamisha kichwa, angeomba radhi, angezimia. Mikono yangu, bila kunishauri, ikafanya inachokijua: kushoto ikainua birika, kulia ikashika kikombe, ikamimina kitone cha kufunika kitako, ikampelekea mzee. Nilipoona nilichofanya nilitaka jukwaa lipasuke niingie. Lakini yule mzee alikipokea. Alikipokea kwa mkono wa kulia, akanywa taratibu mbele ya watu wote, akatikisa kikombe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Aliyekufundisha alikufundisha vizuri, binti yangu. Sasa niachie hilo, upokee chako." Akachukua birika mkononi mwangu, kwa kuwa kweli hapakuwa na meza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakasimama, na mpiga picha, ambaye magoti yalikuwa yameshamchoka, akapiga.

Hiyo ndiyo picha rasmi. Mgeni rasmi ameshika birika, Nekesa ameshika nishani na cheti na amevaa shada, na mimi mtunukiwa nimeshika vikombe vichafu. Ninayo kubwa, imetiwa fremu, na siiuzi.

Kule Wundanyi mambo yalikuwa mengine. Mtandao ulikwama mara tu nilipotokea mlangoni, kwa hiyo picha iliyoganda kwenye televisheni ilikuwa mimi peke yangu, aproni, malapa, birika, macho yamenitoka. Kaka yangu ndiye aliyenisimulia. Mama mmoja akanong'ona, "Maskini, hata leo wamemtuma." Mama yangu akainuka, akatoka kwenda jikoni kwake akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Wakamwita picha iliporudi, "Mama Wakio, njoo, mzee ndiye ameshika birika!" Alikuja, akaona, wenzake wakapiga vigelegele, naye akapiga pia. Lakini hakuketi tena.

Nilimpigia tulipofika nyumbani, nishani iko shingoni, nimejaa maneno. Akaniacha niseme yote, akacheka panapochekesha, akasema ananionea fahari, na kwamba nimelifikisha jina la marehemu baba yangu mahali pakubwa. Kisha akauliza.

"Ulikaa?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mama. Kiti kilikuwepo, kina jina langu. Sikukikalia."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza."

"Mimi nilikatazwa, Wakio," akasema. "Wewe umejikataza mwenyewe. Hilo naliona baya kuliko langu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha ukumbi mzima, na yananiuma hadi leo, kwa sababu ni ya kweli. Madam aliniomba radhi siku ile ile, nami nikamwambia hatuna deni, hata mimi sikumtazama. Tangu hapo tumejiwekea desturi ndogo, akipokea kikombe ananitazama, nami namtazama, na wakati mwingine tunacheka kama wajinga. Bado nakwenda hospitali kila Ijumaa. Na nimeapa mbele yenu nyote kwamba nikisikia yalla, hata ikipigiwa kengele, nitauliza kwanza: unamwambia nani?

Nilikwenda likizo miezi michache baadaye. Jumapili ya kwanza majirani walikuja kuona nishani, wale wale waliochinjiwa kuku, wakajaa sebuleni, na mama akavuta kiti cha marehemu baba, chenye mikono, akakiweka katikati. "Kaa." Nikakaa. Akaenda kuleta chai. Nikamsikia anahangaika na birika zito na trei, mama wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, nikanyanyuka nimsaidie. "Kaa!" akasema kutoka huko huko, bila kunitazama. Nikakaa. Akaanza kumimina, akawamiminia wageni, birika linamlemea, chai inamwagika kwenye visahani, na mwili wangu wote ukawa unaniwasha, nikanyanyuka tena. Alisimama na birika lake mbele ya watu wote, akanitazama, akangoja. Basi nikaketi, nikaikalia mikono yangu yote miwili ili isinitoroke, na mama yangu akaniletea chai.